Soriasisi: Ugonjwa Usioambukiza, na Dawa Inayomezwa Siku Moja kwa Wiki

Mara nyingi mgonjwa wa soriasisi hufika katika kliniki ya ngozi akiwa na mfuko wa dawa alizokwisha kutumia. Humo mna tyubu za dawa ya fangasi, sabuni ya dawa, vidonge vya griseofulvini vilivyobaki, kremu ya mchanganyiko iliyonunuliwa dukani bila cheti cha daktari, na pengine chupa ya mafuta ya mitishamba. Mhudumu mwenye subira huupekua mfuko huo kabla hajauliza swali la pili, kwa kuwa unaeleza mengi kuliko mdomo: kwa miezi au miaka, kila aliyeyatazama mabaka yale aliona fangasi.

Kosa hilo linaeleweka. Soriasisi huota mabaka ya duara yenye mipaka dhahiri na magamba, na choa nacho huota mabaka ya duara yenye magamba. Kichwani hufanana na mapunye. Kwenye kucha hufanana na kucha zilizoliwa na fangasi. Tofauti yao iko ndani zaidi. Choa na mapunye huletwa na vimelea vinavyoweza kuuawa. Soriasisi haina kimelea. Ni ugonjwa wa muda mrefu ambao askari wa mwili, yaani mfumo wa kinga, hukaa vitani ndani ya ngozi ingawa hakuna adui aliyeingia. Ndiyo maana dawa ya fangasi haiugusi, na ndiyo maana pia mtu hawezi kuuambukizwa kwa kushikana mikono, kulala kitanda kimoja, kuazimana kitana au kuoga bafu moja na mgonjwa.

Kwa mtu asiye na ugonjwa huu, seli huzaliwa chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, hupanda taratibu, hukauka na kudondoka bila mtu kutambua. Safari hiyo huchukua takribani wiki 4. Ndani ya baka la soriasisi humalizika kwa siku 3 hadi 5. Seli hufika juu kabla hazijakomaa, zikang'ang'aniana na kurundikana kuwa magamba ya rangi ya fedha. Chini yake mishipa midogo ya damu imetanuka na kusogea karibu na uso wa ngozi. Gamba likikwanguliwa polepole huchambuka kama nta ya mshumaa, kisha huonekana vitone vidogo vya damu. Alama hiyo ina thamani kubwa katika zahanati isiyo na hadubini.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba kasoro iko katika seli za ngozi zenyewe. Kilichobadili fikra hizo kilikuja kwa bahati, tena mara mbili. Mwaka 1951 madaktari wa Marekani waliokuwa wakijaribu aminopterini, dawa ya saratani ya damu, kwa wagonjwa wa baridi yabisi, waliona mabaka ya soriasisi yakisafika. Methotreksati inayotumika leo ni ndugu wa dawa hiyo. Mwaka 1979 siklosporini, dawa inayozuia mwili usikikatae kiungo kilichopandikizwa, ilipojaribiwa kwa wagonjwa wenye maradhi ya viungo, soriasisi waliyokuwa nayo ilitoweka. Siklosporini hulenga askari wa mwili wanaoitwa chembe T. Ikiwa ngozi inapona pale askari hao wanapotulizwa, basi chanzo cha vurugu hakiko kwenye ngozi pekee. Ushahidi mwingine ulipatikana katika upandikizaji wa uboho: wapo wagonjwa wa soriasisi waliopona baada ya kupokea uboho wa mtu asiye nayo, na wapo waliokuwa hawana ugonjwa wakaupata baada ya kupokea uboho wa mwenye nao.

Leo mlolongo huo unajulikana kwa undani. Seli za ulinzi zilizomo ndani ya ngozi hutoa ishara ya kikemikali iitwayo interlukini-23. Ishara hiyo huwaamsha chembe T, nao hutoa interlukini-17, ambayo huziamuru seli za ngozi zigawanyike haraka na kuita askari wengine zaidi. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe. Mtu hurithi wepesi wa kuingia katika mzunguko huo, hasa kupitia kinasaba chenye alama HLA-C*06:02. Je, ni ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wake, kama lupasi? Mwaka 2014 watafiti walionesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa chembe T huitambua LL37, protini ambayo mwili wenyewe huitengeneza kupambana na bakteria, kana kwamba ni adui. Wataalamu wengi kwa hiyo huuweka ugonjwa huu karibu na kundi hilo, ingawa haijapatikana shabaha moja inayofanana kwa wagonjwa wote.

Vitabu vingi vya tiba vilichapishwa Ulaya na Marekani, na picha zake huonesha mabaka mekundu juu ya ngozi nyeupe. Mwanafunzi aliyejifunza kutafuta wekundu anaweza kumpita mgonjwa wa Kitanzania bila kumtambua. Kwenye ngozi nyeusi baka la soriasisi huwa la zambarau, kahawia iliyoiva au kijivu, na magamba yake huonekana kama majivu. Mgonjwa aliyejipaka mafuta asubuhi kwa heshima ya kwenda hospitali huwa ameyaficha magamba hayo, inafaa kumuuliza. Likipona, baka huacha alama nyeusi zaidi au nyeupe kuliko ngozi ya jirani, na alama hiyo yaweza kukaa miezi mingi. Hilo si kovu, wala haina maana kwamba dawa imeshindwa. Asiyeambiwa hivyo mapema huendelea kupaka kremu kali juu ya ngozi iliyokwisha kupona, akitafuta kuirudisha rangi yake, na hapo huanza madhara mapya.

Mahali pa kutazama panajulikana: viwiko, magoti, sehemu ya chini ya mgongo, kichwa hasa ukingoni mwa nywele, nyuma ya masikio, kitovu na mfereji wa makalio. Kucha huwa na vishimo vidogo kama vilivyochomwa kwa sindano, au huinuka kutoka mahali pake. Kwapani, kinenani na chini ya matiti baka huwa laini lisilo na magamba, na hapo huchanganywa kirahisi na utando wa fangasi. Penye shaka, kukwangua magamba na kuyaangalia kwa hadubini baada ya kuyatia potasiamu haidroksaidi hugharimu kidogo na humwokolea mgonjwa miezi ya dawa zisizo zake. Kaswende ya hatua ya pili nayo huweza kujifananisha na soriasisi, hivyo kipimo chake kisisahaulike, hasa vipele vinapofika viganjani na nyayoni.

Ukoma unahitaji neno la pekee, kwa kuwa jina lake linaumiza kuliko vidonda. Kuchanganywa kwa maradhi haya mawili ni jambo la kale. Huko Ulaya soriasisi ilihesabiwa kuwa aina ya ukoma hadi karne ya 19, na ni Ferdinand von Hebra wa Vienna aliyeitenga waziwazi mwaka 1841. Kipimo cha kuyatofautisha hakihitaji mashine. Mgonjwa afumbe macho, mhudumu aguse baka kwa ncha ya pamba. Mwenye soriasisi huhisi mguso. Baka la ukoma mara nyingi huwa limekufa ganzi. Kipimo hicho kifanywe mbele ya ndugu waliomsindikiza mgonjwa, kwa ridhaa yake, ili nao wasikie majibu. Kuna ndoa zilizovunjika kwa dhana ambayo pamba ingeweza kuiondoa.

Kumbukumbu za kliniki za Afrika zimeonesha kwa miaka mingi kwamba soriasisi huonekana zaidi Afrika Mashariki kuliko Afrika Magharibi, na Wamarekani weusi, ambao wengi wao asili yao ni magharibi mwa bara, huupata ugonjwa huu kwa uchache kuliko Wamarekani weupe. Kwa hiyo dhana kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu haina msingi Dar es Salaam wala Nairobi. Shirika la Afya Duniani, ambalo Baraza lake Kuu lilipitisha azimio kuhusu soriasisi Mei 2014, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2016 kwamba watu wasiopungua milioni 100 wanaishi nao duniani.

Anayeurithi wepesi wa kuugua anaweza kuishi miaka mingi bila baka hata moja, mpaka kitu kiuamshe ugonjwa. Kwa watoto na vijana mara nyingi ni mafindofindo yanayoletwa na bakteria wa streptokoka. Wiki mbili au tatu baadaye mwili huota vipele vidogo kama matone ya mvua. Ngozi iliyojeruhiwa nayo huota soriasisi kwenye mstari uleule wa jeraha: mkwaruzo, kovu la upasuaji, chale za mganga, hata mahali nywele ziliposukwa kwa kukazwa mno. Pombe, sigara, unene na msongo wa mawazo huuchochea. Zipo dawa zinazouchochea pia, kama lithiamu inayotolewa kwa wagonjwa wa akili, propranololi ya moyo, na klorokwini. Hii ya mwisho iliacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania Bara mwaka 2001, lakini ndugu yake haidroksiklorokwini ingali ikitumika kwa lupasi na baridi yabisi.

Soriasisi inayolipuka ghafla, kwa ukali, kwa mtu mzima ambaye hakuwa nayo, ni sababu ya kutosha ya kumshauri apime VVU. Jambo hili huonekana kama kitendawili: iweje ugonjwa wa kinga kupindukia uwe mkali kwa mtu ambaye kinga yake inapungua? VVU hupunguza chembe T za aina moja zaidi kuliko nyingine, na uwiano uliokuwa ukiudhibiti uvimbe huvurugika. Habari njema ni kwamba wengi wa wagonjwa hao hupata nafuu kubwa ya ngozi wakianza na kuendelea na dawa za ARV, hata kabla ya kupewa dawa nyingine nzito.

Matibabu huanza na kitu cha bei ndogo ambacho hudharauliwa kwa sababu ya bei yake. Mafuta ya mgando, yakipakwa mara tu baada ya kuoga ngozi ikiwa na unyevu, hulainisha magamba, hupunguza muwasho na kuziba nyufa. Magamba mazito huondolewa kwa marhamu ya asidi ya salisiliki, kwani dawa ya kutuliza uvimbe ikipakwa juu ya magamba hubaki kwenye magamba. Lami ya makaa ya mawe ni ya zamani, inanuka na inachafua shuka, lakini inafanya kazi; William Goeckerman wa Mayo Clinic aliiunganisha na mwanga wa urujuanimno mwaka 1925, na mafunzo yake hayajafutwa. Palipo na mashine ya mwanga wa wimbi jembamba la nanomita 311, wagonjwa wengi husafika bila kumeza kidonge. Pasipo na mashine, dakika chache za jua kwenye mabaka huwasaidia wengi, mradi ngozi isiungue. Ushauri huo asipewe kamwe mtu mwenye ualbino, wala asipewe yeyote kabla lupasi haijaondolewa katika orodha ya yanayodhaniwa, kwa kuwa jua huilipua.

Kremu za steroidi ndizo nguzo ya matibabu, na ndizo zinazotumiwa vibaya kuliko zote. Klobetasoli na betamethasoni zina nafasi yake: kwenye viwiko, magoti na kichwa, kwa wiki chache, kisha zipunguzwe hatua kwa hatua. Usoni na kwenye mikunjo hutosha haidrokotisoni. Shida ni kwamba klobetasoli hiyohiyo ndiyo hutiwa katika mkorogo wa kujichubua, na inapatikana sokoni kwa urahisi kuliko panadoli ya mtoto. Mgonjwa huona baka limelala kwa siku tatu, huamini amepata tiba, hupaka mwili mzima kwa mwaka mzima. Ngozi huwa nyembamba kama karatasi, michirizi hutokea mapajani, na siku anapoacha ghafla, soriasisi hurudi kwa kishindo. Kremu za mchanganyiko zenye steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria kwa pamoja zina dhambi ya ziada: huficha ugonjwa wowote uliopo bila kuutibu, hata mtaalamu akashindwa kuutambua.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni prednisoloni ya vidonge, au sindano ya steroidi inayodumu mwilini, inayotolewa ili kumfurahisha mgonjwa. Hufurahisha kweli, kwa wiki mbili. Inapoachwa, mabaka machache huweza kugeuka vipele vya usaha mwili mzima, au ngozi yote ikawaka na kubambuka. Mgonjwa wa namna hiyo hupoteza maji, joto na protini kupitia ngozi, hutetemeka kwa baridi hata Tanga mchana, na moyo wake huelemewa. Ni wa kulazwa siku hiyohiyo, afunikwe, apakwe mafuta mazito, maji na joto la mwili vifuatiliwe. Tabibu wa zahanati asianzishe prednisoloni kwa soriasisi. Hakuna namna laini ya kulisema hilo.

Kwa mwenye mabaka mengi, au anayeumwa viungo, methotreksati ndiyo dawa kongwe, ya bei nafuu na yenye nguvu. Humezwa siku moja tu kwa wiki. Kila mtu anayehusika na dawa hii, kuanzia daktari aandikaye hadi mtoto amsomeaye bibi yake maandishi ya bahasha, anapaswa kuijua sentensi hiyo kwa moyo, kwa sababu dozi ileile ikimezwa kila siku huua. Bahasha za dawa katika hospitali zetu zimezoea kuandikwa 1x3, na mgonjwa amezoea kusikia kutwa mara tatu. Mkono wa mtoa dawa uliochoka huandika kwa mazoea. Kidonge cha kawaida kina miligramu 2.5, na dozi huwa kati ya miligramu 7.5 na 25 kwa wiki, yaani vidonge 3 hadi 10 vya kumezwa siku hiyo moja. Vidonge vya miligramu 10 navyo vipo, na kuvichanganya viwili hivi ni maafa. Siku iandikwe kwa jina, kwa maneno kamili, na jina la siku liteuliwe kwa busara. Jumatatu, Jumanne na Jumatano zina namba ndani yake, na kwa msomaji mwenye haraka tatu ni tatu. Ijumaa haina namba, na hakuna asiyeijua.

Asidi ya foliki hutolewa siku nyingine ya wiki ili kupunguza madhara. Vidonda mdomoni ndiyo kengele ya kwanza ya sumu. Mgonjwa anayevipata, au anayepata homa, kutokwa damu au kukohoa kikavu kusikoeleweka, aache dawa na aende hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Huko apimwe wingi wa damu, na asidi ya foliniki ianzishwe mara moja. Damu na ini hupimwa kabla ya kuanza na kila baada ya muda; kifua kikuu na homa ya ini aina ya B vitafutwe kabla ya kuanza. Pombe iachwe. Methotreksati huharibu mimba, hivyo mwanamke atumie uzazi wa mpango, na anayetaka mtoto aiache kwanza kwa muda atakaoelekezwa na daktari.

Mtego mmoja ni wa hapa kwetu hasa. Watu wengi wanaoishi na VVU hupewa kotrimoksazoli kila siku ili kuzuia magonjwa nyemelezi. Dawa hiyo na methotreksati huzuia foleti kwa njia zinazokaribiana, na zikikutana mwilini uboho huweza kuacha kutengeneza damu. Kliniki ya ngozi iko jengo moja, kliniki ya VVU jengo jingine, na kila moja ina faili lake. Mgonjwa aulizwe kwa faragha, tena bila ndugu kuwapo, na kadi zote mbili zisomwe na mtu mmoja kabla kidonge cha kwanza hakijatoka dirishani.

Dawa mpya za sindano zinazozuia moja kwa moja interlukini-17 au interlukini-23 zimebadili maisha ya wagonjwa katika nchi tajiri. Bei yake bado iko mbali na mifuko ya wengi Afrika Mashariki. Kilichopo karibu ni watu waliofundishwa: tangu mwaka 1992 kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Moshi, katika hospitali ya KCMC, kimewafunza matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, na wengi wao wako katika hospitali za mikoa na wilaya ambako hakuna daktari bingwa. Rufaa kwa mtu kama huyo huwa na faida kuliko tyubu ya sita.

Viungo navyo viulizwe kila mgonjwa anapokuja. Kidole kilichovimba chote kama soseji, kisigino kinachouma asubuhi, mgongo unaokakamaa kwa zaidi ya nusu saa baada ya kuamka: hayo si uzee. Soriasisi ya viungo isipotibiwa mapema hupindisha mifupa, na kilichopinda hakinyooki. Shinikizo la damu, sukari na uzito vipimwe pia, maana wenye soriasisi kali wana hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo.

Swali ambalo wagonjwa huliuliza mwishoni, wakiwa wamekwisha kusimama kuondoka, ni kama watoto wao wataupata. Kuwa na mzazi mwenye soriasisi huongeza uwezekano, na wazazi wote wawili wakiwa nao huongezeka zaidi. Lakini mzazi mmoja akiwa nao, wengi wa watoto wake hawaupati kabisa. Mama anaweza kumbeba, kumnyonyesha na kumwogesha mwanawe bila hofu, ila anayetumia methotreksati asinyonyeshe.